UZI: Makumbusho ya V&A ya London kwa mafundi nguo na wabunifu – vyumba vya kuanza navyo, na namna ya kuomba vazi litolewe stoo

Mtande_Mshindio

Wakuu, swali la "V&A nianzie wapi?" linarudi humu kila mara, hasa kwa wanaosomea mavazi Uingereza na wanaopita London kikazi. Naliweka hapa kwa urefu. Wenye nyongeza karibuni.

Kwanza tofautisheni majengo. Makumbusho yenyewe iko South Kensington, barabara ya Cromwell. Ilianzishwa 1852, mwaka mmoja baada ya Maonyesho Makuu ya 1851, ili mafundi na wenye viwanda waone kazi nzuri na kujifunza kwayo. Ilihamia hapo 1857, na jina la Victoria and Albert ikapewa 1899. Asili hiyo bado inaonekana: vyumba vingi vimepangwa kwa malighafi, chuma huku, udongo kule, vito kwingine. Jengo la pili ni V&A East Storehouse, mashariki mwa jiji, ndani ya bustani ya Olimpiki. Hilo ni stoo hasa, iliyofunguliwa kwa umma 31 Mei 2025. Msilichanganye na V&A East Museum, ambalo ni jengo jingine ndani ya bustani hiyohiyo. Wengi wameshakwenda mlango usio wao.

Kuingia South Kensington na Storehouse ni bure. Mnacholipia ni maonyesho maalumu, na yale ya mavazi tiketi zake za wikiendi huisha mapema.

South Kensington hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11:45 jioni, Ijumaa hadi saa 4 usiku. Lakini Ijumaa usiku si vyumba vyote vinavyobaki wazi, kwa hiyo ukienda kwa ajili ya chumba fulani, angalia tovuti kwanza. Kutoka Heathrow treni ya Piccadilly inakufikisha South Kensington bila kubadilisha, na kituoni kuna njia ya chini ya ardhi inayotokea makumbusho. Sanduku la safari usije nalo.

Vyumba viko zaidi ya 140. Usijaribu kuvimaliza. Kwa mtu wa nguo mwenye saa tatu, mpangilio wangu ni huu:

Chumba 42, sanaa ya nchi za Kiislamu. Humo mna zulia la Ardabil, la Iran, lenye tarehe ya 946 Hijria, yaani 1539–40, urefu kama mita 10.5 kwa upana wa mita 5.3. Limelazwa sakafuni ndani ya nyumba yake ya vioo, na taa zake huwashwa dakika 10 tu kila saa kamili na kila nusu saa. Ukifika dakika ya 12 utaona giza na rangi mbili tatu, utapiga picha mbaya, utaondoka. Fika dakika mbili kabla taa hazijawaka, simama upande mmoja, inama. Mafundo ni kama 5,300 kwa kila mraba wa sentimita 10 kwa 10, sufi juu ya mtande (nyuzi za urefu) wa hariri. Kisha angalia zile taa mbili za msikitini zilizochorwa: moja ni ndogo kuliko nyenzake. Na kagua vizuri pindo na maeneo yaliyotiwa viraka. Mazulia yalikuwa mawili, na la pili lilikatwa ili litengeneze hili. Mabaki yake yako makumbusho ya Los Angeles. V&A walilinunua 1893 kwa pauni 2,000, na mbunifu wa vitambaa William Morris ndiye aliyewashauri walichukue.

Chumba 48a, michoro ya Raphael ya 1515–16. Wengi huipita wakidhani ni picha za kutundika. Hiyo ni patani! Ilichorwa kwa ajili ya mazulia ya ukutani ya kanisa la Sistine, Vatican. Wafumaji wa Brussels waliikata vipande virefu, wakaiweka chini ya mtande na kufuma wakiutazama mgongo wa kazi. Ndiyo maana kilichoko kulia kwenye mchoro kilitoka kushoto kwenye kitambaa. Ukikaribia utaona mistari ya mahali karatasi ilipounganishwa tena.

Halafu vyumba 52 hadi 58, Uingereza ya 1500 hadi 1760. Kitanda kikubwa cha Ware kiko 57, upana zaidi ya mita 3, lakini wewe tafuta hariri za Spitalfields (mtaa wa wafumaji mashariki mwa London) na magauni ya kasri la kifalme ya karne ya 18. Chumba 94 kina mazulia manne ya ukutani ya mawindo ya karne ya 15. Chumba 40 ndicho cha mavazi, ila hakikisha kwenye tovuti kiko wazi siku unayokwenda. Vyumba vya huko hufungwa kwa ukarabati, na lango kuu halitakukumbusha.

Ukichoka, kunywa chai kwenye vile vyumba vitatu vya zamani vya mgahawa: Morris, Gamble na Poynter. Mgahawa huo ni wa miaka ya 1860, wa kwanza ndani ya makumbusho duniani, na kuta zenyewe ni somo la vigae.

Kibwebwe

Asante mkuu kwa uzi. Ila kitu kimoja kinawaudhi wengi: giza. Gauni jeusi ndani ya kabati jeusi kwenye chumba cheusi. Mshono utauonaje? Na kwa nini mavazi yanabadilishwa kila baada ya muda, kwani hawana ya kutosha kuacha wazi?

BitanaNyekundu

Kibwebwe, wanayo mengi sana, tatizo ni mwanga. Kitambaa hakisahau mwanga kilioupata. Hesabu yake ni ukali mara saa. Kiwango kinachotumika kwa nguo na rangi za kitambaa ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Kwa saa 8 kwa siku, siku 360, ni luksi-saa 144,000 kwa mwaka. Jua la saa sita mchana Dar linafika luksi 100,000, kwa hiyo saa moja na nusu kwenye kamba ya kuanikia ni sawa na mwaka mzima ndani ya kabati la makumbusho. Na hapo hatujagusa miale ya urujuanimno, ambayo makumbusho huichuja na jua lako halichujwi.

Sasa pigia hesabu zulia la Ardabil: dakika 10 katika kila 30 ni theluthi. Wamerefusha maisha ya rangi mara tatu bila kulificha.

Vazi huonyeshwa kwa muda, kisha hurudi gizani kwa miaka. Na si rangi peke yake. Hariri nyingi za mwisho wa karne ya 19 zilitiwa chumvi za bati ili ziwe nzito na zitoe mlio mzuri. Chumvi hizo zinakata nyuzi, na mwanga unaharakisha. Hariri ya namna hiyo inapasuka yenyewe kwenye mikunjo, hata bila kuguswa. Nyeusi iliyotiwa kwa chuma ina ugonjwa kama huo: kwenye kitambaa cha maua unaweza kukuta maua yapo na mistari myeusi imeoza, imebaki mashimo yenye umbo la mchoro.

Kuhusu kuona: jicho linahitaji dakika kadhaa kuzoea. Ukitoka ua wa kati wenye jua na kukimbilia mavazi hutaona kitu. Pitia kwanza chumba chenye mwanga hafifu. Picha: marufuku mwako wa kamera na stendi za kuisimamishia. Simu kwenye luksi 50 hufungua lenzi kwa muda mrefu, ndiyo maana picha zinatikisika. Bana viwiko mbavuni, piga mfululizo wa picha tano, chagua. Vaa nguo ya rangi nzito isiyong'aa, maana shati jeupe ndilo linalojitokeza kwenye kioo mbele ya gauni.

Fundi Mzizima

Niongezee kwa upande wa kusoma vazi, maana wengi wanasimama mbele wanatazama kifua cha gauni, wanaondoka. Mbele ya vazi ni ya kila mtu, fundi anatafuta pembeni na chini.

Anza na pindo la chini. Pindo la mkono lina vishimo visivyolingana sawasawa. Kisha tafuta mshono mrefu, wa ubavuni au wa sketi. Singer alipata hataza yake 1851, na cherehani zikaenea miaka ya 1850 na 1860. Gauni linalosemwa ni la 1780 lenye mshono wa cherehani kiunoni limerekebishwa baadaye, pengine kwa ajili ya sherehe za kuvaa nguo za kale. Mshono wa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, unafanana pande zote. Wa mnyororo una vitanzi upande wa ndani, na uzi ukikatika mwishoni hufumuka wote ukiuvuta.

Pili, upana wa kitambaa. Hariri ya Spitalfields ya karne ya 18 ilifumwa kwa upana wa sentimita 50 hivi. Ukiona maungio ya wima kwenye sketi kila nusu mita, hiyo si mikato ya mtindo, ni kingo mbili za kitambaa zimeunganishwa. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko ujira wa fundi, kwa hiyo mafundi wa wakati ule walikunja marinda marefu badala ya kukata, ili gauni liweze kufumuliwa na kushonwa upya. Ukitazama kwa makini utaona mistari ya marinda ya zamani iliyofifia mahali pasipo na marinda leo. Anna Maria Garthwaite alikuwa akichora hariri hizi, na V&A wana mamia ya michoro yake ya rangi ya maji. Ukiweza kuona mchoro na hariri iliyofumwa kwa namna hiyohiyo kwa siku moja, utaelewa zaidi kuliko kwenye mihadhara mingi.

Tatu, ndani. Suti ya Bar ya Christian Dior, 1947, V&A wanayo. Wanafunzi wanaiga kiuno na kushindwa kwa sababu wanakata koti tu. Nyonga ile inashikwa na mto uliotiwa ndani, na kiuno kinabanwa na vazi la chini. Kitambaa cha koti chenyewe hakiwezi kusimama hivyo.

Jambo la mwisho: usinakili kipimo kutoka kwenye sanamu lililovalishwa. Sanamu hupunguzwa na kujazwa pamba au spongi ili lifuate vazi, na mhifadhi anaweza kuacha nafasi mgongoni ili kitambaa kisivutike. Kifua unachokiona ni maamuzi ya mhifadhi nusu nzima.

MwanaLamu

Sawa fundi, lakini hayo ya "ndani" utayaonaje na kuna kioo?

Mtande_Mshindio

Ndipo Storehouse inapoingia, na kwa maoni yangu mtu wa ushonaji mwenye siku moja tu London aende huko, South Kensington asubiri safari nyingine. Huduma yenyewe inaitwa Order an Object. Unaagiza kitu kilichoko stoo, kinatolewa, kinawekwa mezani mbele yako. Bure. Huhitaji barua ya chuo wala cheo.

Utaratibu:

1. Ingia kwenye tovuti yao ya mkusanyo, Explore the Collections. Tafuta kwa neno, kisha chuja kwa miaka, mahali na malighafi.

2. Fungua ukurasa wa kitu na soma kilipo. Kama kiko kwenye maonyesho South Kensington au kimeazimwa, hakiagiziki. Kama kiko Storehouse na kinaruhusiwa, utaona kitufe cha kuagiza. Visivyo na kitufe mara nyingi ni dhaifu mno au vikubwa mno.

3. Andika namba yake. Namba zina maana: T. ni nguo na vitambaa, C. udongo, M. madini, W. mbao, E. michoro na chapa, IS. Asia ya Kusini, S. maigizo. CIRC. ni ile idara ya zamani iliyokuwa ikizungusha vitu mikoani. Tarakimu baada ya kistari ni mwaka wa kuingizwa, si mwaka wa kutengenezwa. Zulia la Ardabil ni 272-1893. Kosa la kuutaja mwaka wa namba kama umri wa kitu nimelisoma hadi kwenye tasnifu.

4. Agiza vitu visivyozidi vitano, si chini ya wiki mbili kabla ya siku yako. Chagua siku na saa.

5. Kituo cha karibu ni Hackney Wick. Kutoka Stratford utatembea kama dakika 20. Mabegi na makoti huachwa kwenye makabati ya mlangoni.

Linaloharibika hapa ni uchaguzi. Mtu anaagiza magauni matano ya jioni. Kila gauni linahitaji meza nzima, kuligeuza ni kazi ya watu, muda unakwisha ameona mawili. Agiza mavazi mawili makubwa na vitatu vidogo: kipande cha kitambaa, kofia, soli ya kiatu. Vipande ndivyo vyenye faida, kwa sababu upande wa nyuma unaonekana wote.

Ukishamaliza mezani, zunguka ukumbi. Kuna jiko la Frankfurt la 1926, kazi ya Margarete Schütte-Lihotzky, ambalo ndilo mama wa majiko ya makabati ya leo, na upana wake hauzidi mita 2. Kuna pia dari ya mbao ya Torrijos kutoka Hispania, ya karne ya 15. Makreti na rafu ziko wazi, kwa hiyo hata namna ya kufungasha vitu utajifunza.

Ukaya

Naongeza ya mikono, maana hapa ndipo watu wa kwetu tunapokwama bila kujua.

Hina ya jana usiwe nayo. Hina mbichi bado inatoa rangi ukitoka jasho. Mafuta ya nazi, losheni, udi na manukato ya mkononi, hapana. Pete, bangili na saa vua kabla hujafika mezani. Mkono wa baibui wenye shanga au almaria ndio hatari kuliko vyote: unanasa uzi wa hariri, na huwezi kuhisi mpaka umeshavuta. Kunja mkono juu ya kiwiko au vaa kitu kisicho na mapambo. Mtandio ufunge usining'inie.

Penseli tu, kalamu ya wino hapana. Futikamba ya kitambaa, si ya chuma, na hupimi kwa kuibana juu ya vazi. Unaishikilia juu yake bila kugusa. Usije na sampuli za sufi au vitambaa vya sokoni vya kulinganisha, maana nondo huingia makumbusho kwa njia hiyo. Njoo na kadi za rangi, au picha.

Mfanyakazi ndiye anayeamua kipi unagusa, kwa glavu au kwa mkono mkavu uliooshwa. Ukitaka kuona ndani, sema "naomba kuona ubavu wa kushoto kwa ndani, chini ya kwapa". Ukisema "naomba kuona ndani" atafunua mbele tu.

MwanaLamu

Na vya kwetu je? Kanga, kofia za vito, majoho?

BitanaNyekundu

Tafuta kwa tahajia zote: kanga, khanga, leso, Zanzibar, Mombasa, Lamu, Swahili, East Africa. Kadi za zamani ziliandikwa na watu wasioijua pwani, na kitu cha Unguja unaweza kukikuta kimeandikwa Arabia au India. Usitegemee mengi, V&A kwa miongo mingi haikujishughulisha sana na Afrika kusini ya Sahara. Kwa kanga hasa, British Museum wako mbele. Maonyesho ya Africa Fashion ya Julai 2022 hadi Aprili 2023 yalibadilisha kidogo: wabunifu 45 kutoka nchi zaidi ya 20, Moshions ya Rwanda wakiwemo.

Kibwebwe

Na vile vitu vilivyotekwa na Waingereza, vya Ashanti (Ghana) na vya Magdala (Ethiopia)? Vimerudi?

Fundi Mzizima

Vya Ashanti vimekwenda Kumasi 2024, 17 kutoka V&A, lakini kwa mkopo. Sheria ya 1983 inawazuia kuviondoa kwenye mkusanyo moja kwa moja. Vya Magdala vilivyochukuliwa 1868 bado hoja ni ileile. Hilo lifunguliwe uzi wake, hapa litaumeza wa nguo.

MwanaLamu

Sawa. La mwisho basi: joho la babu la almaria, liko kwenye sanduku na vidonge vya naftalini, Mombasa. Nalihifadhije kama wao?

Ukaya

Toa naftalini. Si nzuri kwa mapafu yako, na joho limeshajaa harufu tayari.

Nondo: kama unashuku, kunja joho kwa ulegevu, zungushia kitambaa cha pamba, tia ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa. Weka kwenye friza, nyuzi −18 kwa wiki mbili kamili. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa haifai, joto likipanda na kushuka mayai yanavumilia. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka saa 24 zipite. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa unatua kwenye kitambaa baridi na umejitengenezea kuvu mwenyewe. Joho lenye vifungo vya kioo, gundi au rangi iliyopakwa juu usilitie friza.

Baada ya hapo: merikani isiyotiwa rangi, ifuliwe mara mbili kwa maji moto bila wanga wala sabuni ya manukato. Tandaza joho, jaza merikani iliyokunjwa ndani ya mikono na mahali pote pa mkunjo, ili mkunjo uwe mviringo badala ya mstari. Almaria isigusane na almaria nyingine, weka kitambaa katikati. Nyuzi za fedha huwa nyeusi kwa salfa, kwa hiyo usifunge kwa mpira na usiweke karibu na sufi. Usijaribu kuing'arisha, mswaki na dawa ya meno vinakwangua ile ngozi nyembamba ya dhahabu na chini yake ni fedha au shaba.

Pwani adui mkubwa ni unyevu. Ukipita asilimia 65 kuvu huamka. Kipimo kidogo cha unyevu kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kiweke ndani ya sanduku. Sanduku lisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje. Lifungue siku kavu za kaskazi, kivulini, kagua mishono ya kwapa na kola, kisha badilisha mikunjo isirudi palepale.